Meno mawili niliyoyaotesha kwenye Hilux ya Mama Zawadi

Wakuu wote, wa Kigoma, wa Dar, wa Bujumbura na wa kwetu huku ng'ambo, nawapa mkono.

Mimi niko Kalemie. Nimesoma humu miaka mingi bila kutia neno, kama muntu anayekula harusi amesimama mlangoni. Leo nimeingia ndani na kiti nimevuta.

Nitakayosema nimeyafanya kwa mikono hii. Mashahidi wawili wako hai, na mmoja ananicheka mpaka leo. Nikidanganya, waje waniumbue hapa hapa.

Mnisamehe mwandiko. Shule niliiacha darasa la tatu, na ninaandika kwa kidole kimoja ambacho kucha yake ilibaki chini ya jeki zamani. Tena Kiswahili chetu si chenu. Nitajaribu kukinyoosha, pale kitakapopinda mukiache kipinde.

Kilichonitoa mlangoni ni hiki. Juzi kuna muntu kaandika humu kwamba mafundi wazee wakae nyumbani wacheze na wajukuu, magari ya siku hizi yanataka computer, hawa wa nyundo na spana wamekwisha. Watu wakamjazia like.

Haya. Msikilize mzee wa nyundo.

Nina garaji Kataki, karibu na reli. Jina langu Kabange, yaani pacha wa pili, Kyungu alinitangulia kutoka na akanitangulia kuondoka, Mungu amlaze. Yeye alikuwa mvuvi. Mimi maji nayaogopa, njo maana, nyie munasema ndiyo maana, nikaenda kwenye chuma.

Chuma nilikijulia karakana ya treni, ile njia inayokwenda Kabalo. Kule kipuri kipya ulikuwa unakisikia kama habari za Ulaya. Gia ikipoteza jino, hatukuandika barua. Tuliwasha mashine ya kuchomelea, tukapandisha chuma pale penye pengo, tukachonga kwa tupa mpaka jino jipya likae sawa na ndugu zake.

Mzee aliyenifundisha alikuwa akisema gia yenye pengo ni aibu ya fundi. Mimi nikawa hodari kuliko wote kwa kazi hiyo. Wakanipa jina, Daktari wa Meno. Nimelibeba jina hilo miaka zaidi ya arobaini na nililipenda.

Mulishike hilo jina, tutarudi kwake.

Sasa kuna mama mmoja anaitwa Mama Zawadi. Ni mjane. Anabeba ndagala, nyie munaita dagaa, kutoka Mpala kuleta hapa mjini. Wanawake wa Mpala wanaanika, yeye anabeba. Asipokwenda, mvua inazikuta ndagala kwenye mchanga na kazi ya watu wengi inaoza.

Gari yake ni Hilux ya benzini, ilivuka ziwa kutoka kwenu Kigoma, usukani kulia. Anasema mwenyewe kwamba hiyo Hilux njo mume wake wa pili, na huyu hanywi pombe.

Akaniletea siku ya Jumatatu. Injini ilikuwa inalia mbele, krakra-krakra, hasa asubuhi. Nikamwambia hiyo ni cheni ya timing imelegea. Kwa wasiojua, ni cheni iliyo ndani ya injini, inayofunga krenki ya chini na kemshafti ya juu zizunguke pamoja bila kupishana.

Cheni mpya ilipatikana. Nikafungua mbele yote, nikatoa ya zamani.

Hapo njo nikaona.

Mbele ya krenki kuna sahani ya chuma, nyembamba, ina meno pembeni kuzunguka yote. Nikaihesabu kwa desturi yangu. Meno thelathini na manne, halafu pengo la meno mawili. Yameondoka kabisa, hata kisiki hakuna.

Nikasema moyoni, maskini Mama Zawadi, amekuwa akitembea na gia iliyong'oka meno na hakuna fundi aliyemwambia. Hawa vijana wa siku hizi hawaangalii.

Wakuu mnaojua magari najua mumeshashika vichwa. Subirini. Wasiojua, twende pamoja, hata mimi sikujua.

Nikaichomoa ile sahani, nikaipeleka kwenye mashine. Umeme ulikuwepo siku hiyo, bahati mbaya. Nikapandisha chuma, nikachonga kwa tupa, nikapima kwa kaliba. Meno mawili mapya, mazuri, huwezi kuyajua na yale ya kiwandani. Nikaipaka oili, nikairudisha, nikafunga cheni mpya, alama zote nikazilinganisha.

Sikumwambia mtu. Ilikuwa zawadi yangu kwa mjane.

Tukapiga starter. Injini ikazunguka vizuri, bila ile krakra. Lakini haikuwaka. Mara moja moja ilikohoa kwenye egzosi, paa, halafu kimya.

Nikafikiri nimekosea alama za cheni. Nikafungua tena. Alama ziko sawa. Yale meno niliyapitia kwa kidole, nikajisifu tena, nikafunga. Haikuwaka.

Basi ikabidi niite muntu wa scanner.

Anaitwa Patient. Ni fundi kamili, ana mke na watoto, alisomea Lubumbashi. Anavaa shati safi kwenye garaji, jambo ambalo mimi sijawahi kulielewa. Akachomeka kile kidude chake, akasoma. Kikasema ishara ya timing, ile inayotoka kwenye krenki, haieleweki.

Hapa niwaeleze kidogo. Pembeni ya ile sahani ya meno kuna sensor, sisi huku tunaita kapteri. Meno yakipita mbele yake, inahesabu na kuituma hesabu kwenye kompyuta ya gari. Kompyuta kwa hesabu hiyo njo inajua saa ya kumwaga benzini na saa ya kupiga moto.

Patient akasema kapteri imekufa. Tukaagiza nyingine, ikaja na boti kutoka Kigoma. Tulingoja, maana ziwa lilichafuka. Ikafungwa. Injini ikazunguka, haikuwaka.

Akachomeka tena. Maneno yale yale.

Akavua miwani, akaifuta kwa lile shati. "Papa, njo mwisho. Ordinatere ya hii gari iko mufu." Anamaanisha kompyuta. "Hapa Kalemie haipatikani. Hata ikipatikana, itataka kufundishwa na mashine ambayo sina."

"Sasa?"

"Sasa kuna watu wa Nyunzu wanatafuta gia boksi na difu ya Hilux kama hii. Wanakuja Jumamosi. Wakate wachukue wanachotaka, Mama apate kitu kuliko kukosa vyote."

Wiki tatu zilikuwa zimepita. Mama Zawadi alikuwa amekaa juu ya tairi, anasikiliza. Hakulia wala hakugomba. Aliniangalia akasema:

"Papa Kabange, mi nilileta gari ikitembea. Ilikuwa inalia, lakini ilikuwa inatembea."

Maneno hayo, wakuu, yaliniingia kuliko scanner yote.

Nikasimama mbele ya ile Hilux. Nikamwambia Patient, hii gari haitoki hapa vipande vipande. Iliingia kwenye geti hili kwa miguu yake, itatoka kwa miguu yake.

"Kwa dawa gani?" akaniuliza. "Papa, ulishafanya kazi yako. Hizi si treni."

"Patient, treni iliyokuleta hapa kutoka huko kwenu, unafikiri iliendeshwa na scanner?"

Akasema yeye alikuja na ndege.

Lakini sikulala juu ya hilo neno lake. Nilikuwa na siku nne mpaka Jumamosi.

Nikaanza na mita. Nikachomoa soketi ya kapteri, nikaweka nyaya za mita, Mama akapiga starter. Sindano ikacheza. Maana yake kapteri inatoa umeme wake mdogo, haikufa, hata ile ya zamani haikufa. Nikapima waya mpaka kwenye kompyuta, moja moja. Zote nzima.

Sasa kapteri nzima, waya nzima, cheni iko kwenye alama. Imebaki kompyuta kama alivyosema Patient. Moyo wangu ulikataa tu. Siwezi kuwaeleza kwa sayansi. Ilinikera kwamba gari ilikufa mikononi mwangu siku ile ile nilipoigusa, halafu tunasingizia kitu ambacho hakuna aliyekigusa.

Ndipo nikawaza hivi. Mita inaniambia umeme upo, haiwezi kuniambia unasema nini. Ni kama kuona muntu anachezesha mdomo nyuma ya kioo. Nataka kumsikia.

Jirani yangu ni kanisa dogo, wana spika ya kwaya, ile yenye amplifaya ndani. Nikamwomba kiongozi wa kwaya. Akaniuliza nataka kuhubiri nini. Nikasema nataka injini ihubiri.

Nikakata waya wa gitaa la kwaya, nikaufunga kwenye kapteri, upande wa pili kwenye spika.

Patient alipita akakuta. Akasimama na mikono kiunoni. "Papa, unataka kuiimbia ifufuke?"

"Ndiyo. Na wewe utaitikia."

Mama akapiga starter. Soketi imechomolewa kwenye kompyuta, kwa hiyo haiwezi kuwaka, inazunguka tu. Spika ikatoa sauti. Mmmmmmmmm. Sauti moja, nene, imenyooka kama nyuki kwenye mzinga.

Nikafurahi. Nikasema, mumesikia, kapteri inaimba vizuri.

Kwa bahati kwenye uwanja wangu kulikuwa na Hilux nyingine, injini ile ile, imekuja kwa ajili ya breki. Nikasema ngoja tuilinganishe. Nikahamisha waya.

Hiyo ikaimba tofauti. Mmmm-tu. Mmmm-tu. Mmmm-tu. Kila mzunguko inakatika kidogo, inarudi, kama muntu mwenye mguu mfupi.

Patient akasema, "Hii ingine njo inachechemea. Ya Mama iko sawa kabisa."

Nikakubaliana naye. Jueni hilo. Mimi na msomi wa Lubumbashi tulikubaliana kwa mara ya kwanza, na wote wawili tulikuwa wajinga.

Ni Mama Zawadi aliyetoa kichwa dirishani. Huyu mama hapigi honi kamwe, yeye anatoa kichwa anasema. Akasema:

"Kama inayochechemea njo inayowaka, huo mguu muzima unanifaa nini?"

Nikauweka chini ule waya wa gitaa.

Nitatoka njiani kidogo, nivumilieni, si mbali.

Bibi yangu mzaa mama hakuwa na meno mawili ya mbele, ya chini. Hayakung'olewa na ugonjwa. Watu wake wa zamani waliyatoa kwa makusudi msichana alipokua. Sisi wajukuu tulizoea, alikuwa akinywa uji anatoa sauti ya filimbi pale.

Siku moja misheni ilipata mgeni wa kutibu meno, muntu mwema sana. Akamwona bibi, akamhurumia, akamwambia atamwekea mawili ya bandia bure. Bibi akamwuliza swali moja tu. "Nikifika kwetu nikafungua mudomo, watanijua kwa kitu gani?"

Mgeni alidhani mzee amechanganyikiwa. Mimi pia nilikuwa nikisimulia kisa hicho kama kichekesho, miaka yote.

Pale mbele ya spika ya kwaya kichekesho kikanigeukia.

Lile pengo kwenye sahani halikuwa ugonjwa. Liliachwa kiwandani. Meno yote yanafanana, kompyuta ikiyahesabu haijui ianzie wapi, ni kama muntu anayehesabu shanga za mkufu gizani. Pengo likipita, ile "tu", njo inajua hapa mwanzo, pistoni ya kwanza iko mahali fulani. Kila mzunguko gari inafungua mdomo, kompyuta inaitambua.

Mimi Daktari wa Meno nimeliziba. Nimemwekea bibi meno ya bandia.

Sasa niwaambie ukweli wangu wote, maana niliahidi. Nilitaka kuficha.

Hakuna aliyeiona ile sahani ila mimi. Ningeweza kufungua peke yangu, nikachonga, nikawasha, nikasema nimeponya kwa akili ya zamani. Patient angeniheshimu mpaka kufa. Nilikaa na wazo hilo kwa muda wa kuvuta sigara moja, na mimi sigara niliacha.

Halafu nikamwangalia Mama Zawadi. Wiki tatu amekuwa akija kwa miguu, anakaa juu ya tairi lile lile. Nikasema, huyu nimemdai uvumilivu, kumwongezea uongo ni wizi.

Nikawaita wote wawili karibu. Nikasema: "Gari hii niliiua mimi. Ina pengo lake la kuzaliwa, nikaliziba nikidhani ni kovu."

Nikawaeleza yote. Patient alisikiliza mpaka mwisho, uso umekauka. Halafu akaanza kucheka. Alicheka akakaa chini, akachafua suruali.

"Papa, umeotesha gari meno? Ikauma nani?"

"Iliniuma mimi," nikasema. "Cheka umalize, halafu nishikie taa. Na wewe ulimzika muntu mzima, ulisema ordinatere imekufa. Ungeniuliza nilishika nini humu ndani, ningekuambia. Hukuuliza."

"Na wewe hukusema."

"Sikusema."

Hapo hakuna aliyemshinda mwenzake. Hakuomba radhi, na mimi sikuomba kwake. Lakini alivua lile shati safi, akalitundika kwenye kioo cha gari, akaingia chini. Kwa sisi watu wa garaji hayo ni maneno mengi.

Mama Zawadi hakucheka. Aliuliza kitu kimoja. "Itatoka kabla ya Jumamosi?"

Kufungua mbele ya injini si kufungua soda. Tulianza Alhamisi. Ijumaa mvua ikanyesha, uwanja ukawa ziwa la pili. Jumamosi asubuhi sahani ilikuwa imebanwa kwenye jiriwa, naichonga kwa tupa. Patient alitaka kutumia mashine ya kusaga, nikakataa. Mashine ikiteleza inakula jino la jirani, halafu tuna pengo la matatu. Aliyeotesha kwa mkono ataondoa kwa mkono.

Watu wa Nyunzu wakafika. Lori, minyororo, mitungi ya gesi ya kukatia. Mkubwa wao alikuwa na haraka.

"Muzee, tuachie tukate. Tuna njia ndefu."

"Kateni muhogo kwanza, mule," nikamwambia. "Gari hii haijafa."

"Tuliambiwa imekufa."

Patient alikuwa chini ya injini. Akajibu kutoka huko huko, "Aliyewaambia ni mimi. Nilikosea." Hilo nalo nalihesabu kuwa shati la pili.

Mama Zawadi akapanda, akakaa kwenye kiti cha dereva, akavuta mlango na kuupiga loki kwa ndani. Maana yake ukitaka kukata, ukate na yeye.

Nikahesabu meno. Thelathini na manne, na pengo safi la mawili. Nikalipitishia kidole. Tukarudisha sahani, cheni, kifuniko, pulley, mkanda, kapteri. Jamaa wa Nyunzu waliketi juu ya mitungi yao, wanatazama kama watu wa mpira.

Kabla ya kuchomeka soketi nikafunga waya wa spika mara moja. Nikamwambia Mama apige.

Mmmm-tu. Mmmm-tu. Mmmm-tu.

"Inachechemea," akasema Patient.

"Iache ichechemee."

Nikachomeka soketi mahali pake. Mama akageuza ufunguo. Mzunguko wa kwanza, wa pili, wa tatu ikashika. Ikawaka laini, bila krakra ya zamani. Mkubwa wa Nyunzu aliinuka akaanza kupakia mitungi yake.

Mama Zawadi akatoa kichwa dirishani.

"Papa Kabange, geti."

Nikamfungulia. Jumatatu yake alirudi kutoka Mpala na mzigo, akanishushia ndoo ya ndagala. Mke wangu alizikaanga, Patient alikula zaidi ya wote.

Sasa yule aliyesema wazee tumekwisha, njoo hapa nikujibu.

Ni kweli sikujua. Ni kweli mikono yangu iliharibu gari nzima kwa wema. Nimesema mbele ya watu na nasema mbele yenu, nanyi muko wengi kuliko garaji yangu. Lakini scanner ilisema kweli toka siku ya kwanza, na msomi akaisoma, na bado gari ilikuwa inaelekea kwenye minyororo. Aliyeisikia ni muntu aliyekataa kwenda nyumbani, spika ya kwaya, na mwanamke wa ndagala aliyeuliza swali la maana. Kwa hiyo nyumbani siendi. Kesho saa moja asubuhi niko Kataki, njoo unitoe.

Nilichojifunza mimi, fundi anayekuja baada yako mwambie kila ulichogusa, hata kile unachojivunia. Hasa hicho. Na ukikuta pengo kwenye kitu kinachotembea, muulize kwanza mwenye nalo.

Wakuu, nawe kama uliwahi kutengeneza kitu kizima mpaka kikaharibika, mwaga hapa chini. Usione haya, mimi nimeshavua nguo mbele yako. Na wajuzi wa sensor, kama kuna nilipoeleza vibaya, ninyosheni, ila muwe na adabu, mimi ni mkubwa wenu.

Halafu lile jina. Siku hizi hakuna anayeniita Daktari wa Meno. Patient alilitangaza soko zima, sasa naitwa Papa Pengo. Muntu aliandika kwa mkaa kwenye geti langu. Mke wangu alitoka na ndoo ya maji na sabuni, nikamzuia.

Nikachukua rangi nyekundu, nikaandika mwenyewe juu ya mkaa, herufi kubwa, GARAJI YA PAPA PENGO. Katikati nimeacha nafasi ya herufi mbili, wazi. Watu wakipita wananiambia, Papa, hapo umesahau kujaza.

Nawaambia wapaache hivyo hivyo.